Utie hamira kiasi gani kwenye bia ya nyumbani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapikaji wa Mwanza

Napika bia nyumbani kwangu Pasiansi, ndoo baada ya ndoo, na maswali haya nimeulizwa mara nyingi mno hata nimeona niyajibu mahali pamoja. Kama una haraka, chukua hili uondoke nalo: pima hamira kwa uzito, na kabla ya kuipima jua sukari iliyomo kwenye ndoo na joto la chumba. Wengi wanaoharibikiwa huku kwetu walitia hamira nyingi ili pombe iwahi, wakaitia kwenye ndoo yenye joto, na hamira yenyewe ilikuwa imeshachoka dukani.

Ndoo ya lita 20 inataka hamira kiasi gani?

Kwa bia ya kawaida, inayoishia kwenye kilevi cha asilimia 4 hadi 5, tia gramu 10 hadi 16 za hamira kavu ya bia. Hiyo ni gramu 0.5 hadi 0.8 kwa kila lita. Pakiti nyingi za hamira ya bia zina gramu 11 au 11.5, kwa hiyo pakiti moja kwa ndoo moja. Usiigawe ili ubakize nusu ya wiki ijayo. Pakiti ikishafunguliwa, hewa na unyevu wa huku ziwani vinaimaliza haraka.

Bia nzito, inayoanzia 1.060 kwenye haidromita (kile kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari kwenye ndoo), ipe gramu 1 kwa lita. Hapo ni pakiti mbili.

Hesabu hiyo imetoka wapi?

Wapikaji wa bia huhesabu seli za hamira. Kanuni iliyozoeleka ni seli 750,000 kwa kila mililita ya maji ya kimea (yale maji matamu kabla hayajachachuka), kwa kila nyuzi moja ya Plato. Kwa lager, bia inayochachushwa kwenye baridi, ni mara mbili yake, seli milioni 1.5. Nyuzi za Plato ni kipimo cha utamu: maji ya kimea ya nyuzi 12 yana gramu 12 za sukari ndani ya kila gramu 100. Kwenye haidromita, nyuzi 12 husomeka karibu 1.048. Njia ya mkato ni kuchukua tarakimu mbili za mwisho, 48, na kuzigawa kwa 4.

Sasa turudi kwenye ndoo. Lita 20 ni mililita 20,000. Zidisha kwa 12, kisha kwa 750,000, unapata seli bilioni 180.

Mtu makini atasoma pakiti yake na kukuta imeandikwa kwamba gramu moja ina seli hai zisizopungua bilioni 5 au 6. Gramu 11.5 zitatoa bilioni 69 tu. Mbona basi pakiti moja inatosha? Sababu ni mbili. Ile namba ni kiwango cha chini anachodhamini mtengenezaji, na pakiti mpya iliyotunzwa vizuri huwa na seli nyingi zaidi ya hapo. Halafu hamira kavu hukuzwa kiwandani kwenye hewa tele, kwa hiyo inafika kwako ikiwa na akiba ya mafuta ya kujengea utando wa seli mpya. Ikishaingia kwenye ndoo inazaliana bila kuhangaika. Ndiyo maana kwa hamira kavu mimi nafuata gramu, na hesabu ya seli naitumia kwa mashapo (tope la hamira linalobaki chini ya ndoo) na kwa hamira ya maji, ambazo nimezieleza huko chini.

Sina mizani. Nitumie kijiko?

Unaweza. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba karibu gramu 3 za hamira kavu, na cha mezani karibu gramu 9. Ndoo ya lita 20 inataka vijiko vinne vya chai. Kijiko chenye kilima hubeba karibu mara mbili, kwa hiyo sawazisha kila mara.

Lakini nikwambie, vijiko vyetu havilingani. Siku moja nilipima vijiko vitatu vya kabatini kwangu. Kimoja kilibeba gramu 2.4, kingine 3, cha tatu gramu 4 kasoro kidogo. Tangu hapo nanunulia wanafunzi wangu mizani ndogo, ya aina ile ile wanayopimia dhahabu, inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kwa mkoa uliopakana na Geita, mizani hiyo si ya kutafuta mbali.

Shikamoo mama. Mume wangu anasema nikitia hamira mara mbili pombe itakuwa kali mara mbili. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Hapana. Ukali unatoka kwenye sukari. Hamira ni mfanyakazi tu: inakula sukari, inatoa kilevi na gesi, na sukari ikiisha kazi imeisha. Maji ya kimea ya 1.048 yakishuka hadi 1.010 yatakupa karibu asilimia 5, uwe umetia gramu 10 au gramu 40.

Akitaka kali, ongezeni kimea, sukari au asali. Kilo 2 za sukari kwenye ndoo ya lita 20 huleta kama 1.038. Asali ina maji ndani yake, kwa hiyo kilo 2 za asali huleta karibu 1.029 tu. Sukari ikishapanda, hapo ndipo hamira nayo ipande, kwa sababu sukari nyingi na kilevi kingi vyote viwili vinaielemea.

Kwa hiyo hamira ikizidi haina neno?

Ikizidi kidogo haina neno. Ukitia gramu 20 palipotosha 12, pengine hutaona tofauti. Ubaya unakuja kwa mtu anayemwaga nusu kikombe. Pombe inanuka mkate mbichi, inakuwa na ukungu usiotulia, na chini ya ndoo unakuta tope nene linalokula lita mbili za bia yako. Ladha nayo inapwaya, kwa sababu harufu nyingi nzuri za bia hutengenezwa hamira inapozaliana, na wewe umeinyima nafasi ya kuzaliana.

Kwa hali ya hewa yetu kuna jingine. Hamira nyingi ikianza kazi kwa pamoja hupandisha joto la ndoo kwa ghafla. Povu linatoka juu, linasukuma kifuniko, na unapoamka asubuhi sakafu imelowa.

Na ikiwa kidogo?

Hili ni kosa baya kuliko la kuzidisha. Maji ya kimea ni chakula kitamu kwa kila kijidudu kilichomo nyumbani. Baada ya kuyachemsha na kuyapoza, yeyote atakayewahi ndiye mwenye nyumba. Hamira ikiwa kidogo inachukua siku nzima au zaidi kuzaliana kabla ya kuanza kazi, na muda huo bakteria wa kuchachusha maziwa wanakuwa wameshakaa. Unapata pombe chachu. Wakati mwingine hamira inaanza, inachoka katikati, na haidromita inagoma kwenye 1.024 huku pombe ikiwa tamu kama soda.

Ikimaliza salama, bado ladha itasema. Seli chache zilizozaliana kwa kujikamua hutoa harufu kali ya ndizi mbivu, na kwenye joto huongeza vilevi vizito vinavyoumiza kichwa asubuhi.

Hapa Mwanza ni joto. Nipunguze hamira?

Usipunguze chini ya gramu 0.5 kwa lita. Kaa upande wa chini wa kipimo, gramu 10 au 11 kwa ndoo, halafu nguvu zako zote zipeleke kwenye kupoza. Kama kuna jambo moja ningependa kila mpikaji wa Mwanza alishike, ni hili.

Hamira nyingi za bia za kawaida hupenda nyuzi joto 18 hadi 22. Chumba kilichojengwa vizuri, chenye dari na kivuli, hapa kwetu hukaa nyuzi 24 hadi 27 mchana. Chumba cha bati bila dari hupita 30. Na bado hujahesabu joto la hamira yenyewe: ikiwa kazini, katikati ya ndoo hupanda nyuzi 3 hadi 5 kuliko chumba. Ndoo iliyowekwa kwenye chumba cha nyuzi 27 inaweza kuwa inachachuka kwa nyuzi 31 bila wewe kujua. Kwenye joto hilo ale ya kawaida, yaani bia isiyohitaji baridi ya lager, inanuka rangi ya kucha.

Mimi nafanya hivi. Nachukua beseni pana la kufulia, naweka ndoo katikati, najaza maji hadi nusu ya ndoo. Ndoo naivisha fulana kuukuu ya pamba, pindo lake lizame kwenye maji ya beseni. Pamba inavuta maji kupanda juu, upepo wa ziwa unaoingia dirishani unayakausha, na ndoo inapoa kama mtungi wa udongo. Asubuhi na jioni natupia beseni chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Ukiweka kiganja kwenye ile fulana saa nane mchana utaisikia baridi, na kipimajoto nilichokibandika ubavuni mwa ndoo kinasoma 22 wakati chumba kiko 26.

Siku tatu za kwanza ndizo zenye uzito. Harufu nyingi mbaya huzaliwa humo. Baada ya hapo ndoo ikipanda hadi 24 au 25 haidhuru, tena inasaidia hamira kumalizia kazi.

Tia hamira jioni, maji ya kimea yakiwa yamefika nyuzi 20 hivi. Usiku wa Mwanza mara nyingi hushuka chini ya 20, kwa hiyo unaanza ukiwa na msaada. Kamwe usitie hamira kwenye maji yenye joto la kuzidi 40. Utakuwa umeipika.

Hakuna hamira inayopenda joto?

Ipo. Kveik, hamira ya mashambani kutoka Norwei, hufanya kazi safi kwenye nyuzi 30 hadi 40, na haisumbuki ikitiwa kidogo. Kwa mtu asiye na friji wala dirisha la upepo hii ndiyo ningemshauri. Kuna pia hamira za saison, bia za mashambani za Ubelgiji na Ufaransa, zinazovumilia nyuzi 28 hadi 30, ila baadhi yake hula hata sukari ngumu ambayo hamira nyingine huiacha, tena polepole, kwa wiki kadhaa. Ukiwahi kutia chupani, chupa zinapasuka. Kama unaanza, ziache kwanza.

Naweza kutumia hamira ya mkate ya dukani?

Unaweza, na wengi wetu ndiko tulikoanzia. Ni ukoo mmoja na hamira ya ale, Saccharomyces cerevisiae. Kipimo ni kile kile: pakiti moja ya gramu 11 kwa lita 20. Itafika asilimia 5 bila shida.

Tofauti iko kwenye tabia. Hamira ya bia imechaguliwa kwa vizazi vingi ili ikimaliza kazi ishikane na kuzama, pombe iwe angavu. Hamira ya mkate imechaguliwa kutoa gesi haraka. Haina haja ya kuzama, kwa hiyo pombe yake hubaki na ukungu kwa wiki. Mara nyingi pia huacha harufu ya karafuu. Wengine wanaipenda, na mimi kwenye bia ya mtama siichukii. Kwenye bia ya shayiri yenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ninaiona inagombana.

Ukitumia hamira ya mkate, jizuie usiongeze. Mazoea ya kuoka maandazi yanadanganya hapa, maana kule unataka unga uumuke ndani ya saa moja. Ndoo yako ina wiki nzima.

Nitajuaje kama hamira yangu bado hai?

Chukua nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi uvuguvugu, nyuzi 35 hivi. Koroga kijiko kimoja cha chai cha sukari, nyunyiza kijiko kimoja cha hamira, funika, subiri. Ndani ya dakika 10 hadi 15 lazima uone povu la rangi ya maziwa likipanda na usikie harufu ya mkate. Ikikaa chini kama mchanga, itupe.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu ya ndoo yangu ya pili. Nilinunua hamira sokoni, ya kupimiwa kutoka kwenye pakiti kubwa iliyofunguliwa, iliyokuwa juani mbele ya duka tangu sijui lini. Nilipima gramu zangu 12 kwa uaminifu. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu nilifungua nikakuta utando mweupe juu, wenye mikunjo kama maziwa yaliyopoa, na harufu ya siki. Kilo tano za kimea nilizoziotesha na kuzianika mwenyewe nilizimwaga chini ya mpapai. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa, ila nilipima hamira mfu.

Nunua pakiti zilizofungwa, soma tarehe, na uulize zilikaa wapi. Nyumbani ziweke kwenye friji. Umeme ukikatika usiku mmoja hamira kavu haitadhurika.

Niiloweke kwanza au niinyunyize juu?

Njia zote mbili zinafanya kazi kwa hamira kavu za siku hizi. Ukiinyunyiza, itawanye juu ya povu, usiimwage mahali pamoja, na uiache dakika 15 kabla ya kukoroga.

Mimi naloweka, hasa kwa bia nzito. Maji mara 10 ya uzito wa hamira, kwa hiyo gramu 11 zinapata mililita 110, yaliyochemshwa na kupozwa hadi nyuzi 30 hivi. Nyunyiza, acha dakika 15, koroga taratibu na kijiko kilichochemshwa, kisha subiri joto lake likaribiane na la ndoo ndipo umimine. Ukiitoa kwenye 30 na kuitupa kwenye 18 ghafla inapata mshtuko. Usitie sukari kwenye maji haya. Kile kipimo cha uhai ni kitu kingine.

Lazima nitikise ndoo?

Ndiyo, kabla tu ya kutia hamira, maji yakiwa yamepoa. Hamira inahitaji hewa mwanzoni ili izaliane. Mimina kutoka ndoo moja safi hadi nyingine mara tatu nne, toka juu, hadi povu lijae. Hamira ikishaanza kazi, usiruhusu hewa tena.

Maji ya bomba yana dawa. Yataua hamira?

Maji yetu ya mjini yanatoka ziwani na kutibiwa kwa klorini. Kiasi kilichomo hakitaua hamira yote, lakini huleta ladha ya dawa ya hospitali kwenye bia. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha au yachemshe. Yaliyotekwa ziwani moja kwa moja chemsha bila mjadala, kwa ajili ya bakteria na kichocho. Kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Inatosha.

Bibi yangu hakununua hamira hata siku moja. Alikuwa anatumia nini?

Alikuwa na hamira tele, ila haikuja kwenye pakiti. Kimea cha mtama na ulezi kilichooteshwa na kuanikwa juani kinakuja na hamira za porini na bakteria kwenye maganda yake. Mtungi wa udongo usiosuguliwa hubakiza mbegu ya pombe iliyopita kwenye vitundu vyake. Na wapishi wengi walibakiza mashapo kidogo chini kwa makusudi. Ndugu zetu wa Kagera hufanya hivyo hivyo na lubisi: unga wa mtama wanaoutia kwenye maji ya ndizi ndio unaoleta chachu, ndani ya ule mtumbwi wa mti.

Ulaya ilikuwa hivyo hivyo. Sheria maarufu ya bia ya Bavaria ya 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji peke yake. Hamira haikutajwa, kwa kuwa hakuna aliyejua ni kiumbe. Ilikuwa 1883, kwenye maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, Emil Christian Hansen alipofaulu kuitenga seli moja ya hamira na kuikuza peke yake.

Basi na mimi nitumie mashapo ya ndoo iliyopita. Kiasi gani?

Hapa ndipo unapookoa fedha, maana hamira ya bia haiuzwi duka la mtaani na kuiagiza ni gharama. Mashapo mazito, yenye rangi ya maziwa, yana karibu seli bilioni 1 kwa mililita. Ile bilioni 180 ya ndoo yetu inakuwa mililita 200 hivi, kikombe cha chai kisichojaa. Watu wengi humimina bia mpya juu ya mashapo yote. Hapo wanatia mara tatu au nne ya kinachohitajika, pamoja na masalia ya hopsi na kimea.

Kuyakusanya ni kazi ya dakika 20. Ukishatoa bia, bakiza kidogo chini, zungusha ndoo, mimina kwenye chupa pana ya glasi iliyochemshwa. Iache itulie. Utaona matabaka: chini kabisa kahawia yenye vipande vya hopsi, katikati krimu laini, juu bia. Unachotaka ni ile krimu. Ihamishie kwenye chupa nyingine safi, ifunike bila kukaza kwa sababu bado inatoa gesi, iweke kwenye friji.

Itumie ndani ya wiki mbili. Ikikaribia wiki mbili, panda hadi mililita 250 au 300, kwa kuwa nyingine zimekufa. Nusa kabla ya kutia: inuke mkate na bia. Ikinuka siki, mpira au nyama, mwaga. Usichukue mashapo ya bia iliyozidi asilimia 7, wala ya pombe iliyochacha. Mimi narudia mara nne au tano kisha nafungua pakiti mpya, maana kwa usafi wa jikoni wageni huingia kidogo kidogo.

Napika kangara na wanzuki. Vipimo hivi vinanihusu?

Kwa wanzuki, sana. Asali ni sukari tupu, haina chakula kingine cha hamira, kwa hiyo hamira ikiwa kidogo inakwama. Tia gramu 1 kwa lita. Halafu kuna mbinu ninayoipenda: chukua kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate, kichemshe dakika 10 kwenye maji kidogo, mimina kwenye ndoo kabla ya kutia hamira yako hai. Ile iliyokufa inakuwa chakula cha iliyo hai.

Kangara yenye pumba za mahindi ina chakula zaidi, gramu 0.5 kwa lita zinatosha. Na pombe ya mtama inayonyweka ingali inachemka, siku ya pili au ya tatu, mimi natia nusu kijiko cha chai tu kwa ndoo nzima. Uchachu wa bakteria ni sehemu ya ladha yake, na hamira nyingi ingewazima.

Nataka lager kama za kiwandani.

Mwanza ina viwanda vikubwa vya bia, na kinachowawezesha ni ubaridi. Hamira ya lager, Saccharomyces pastorianus, hufanya kazi kwenye nyuzi 10 hadi 14. Kwenye baridi hiyo inazaliana polepole, kwa hiyo inataka gramu 1 hadi 1.2 kwa lita, pakiti mbili kwa ndoo. Bila friji ya kuweka ndoo nzima kwa wiki kadhaa, na umeme usiokatika, nakushauri uache.

Nimeletewa hamira ya maji kutoka nje.

Pakiti za namna hiyo nyingi huanza na seli bilioni 100 na hupoteza karibu sehemu moja ya tano kila mwezi hata kwenye friji. Yaani ya miezi miwili imebaki na bilioni 64 hivi. Safari ndefu ya joto huipunguza zaidi. Ikuze kwanza: lita 2 za maji ya kimea mepesi ya 1.036 hadi 1.040, yaliyochemshwa na kupozwa, itikise kila ukipita, na baada ya siku moja au mbili mimina.

Imepita siku nzima na sioni gesi ikitoka.

Fungua kifuniko utazame. Mara nyingi povu lipo na gesi inapita pembeni ya kifuniko kisichobana. Kwa joto letu, saa 6 hadi 12 zinatosha kuona dalili. Kwa ndoo iliyopozwa vizuri, hata saa 24. Zikifika 36 bila povu na haidromita haijashuka, tia hamira mpya, kipimo kamili, iliyopimwa uhai. Usisubiri siku ya tatu kama nilivyosubiri mimi.

Naruhusiwa kuuza?

Kuuza pombe kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Nenda halmashauri uulize kabla. Kuigeuza pombe yako kuwa gongo ni kosa, na ni hatari.

Wakati wa kutia chupani niongeze hamira tena?

Hapana. Hata bia inayoonekana angavu ina hamira ya kutosha ikielea ndani yake. Inachohitaji ni sukari, gramu 6 kwa lita, yaani gramu 120 kwa ndoo ya lita 20, iliyochemshwa kwenye maji kidogo. Kabla ya hapo hakikisha haidromita imesoma namba ile ile siku tatu mfululizo.

Tumia chupa nene za bia, na moja iwe ya plastiki ya soda. Zikishakaa siku tano hivi kwenye chumba, ibonyeze ile ya plastiki kila asubuhi. Siku itakapokuwa ngumu kama soda iliyotoka dukani, peleka zote kwenye friji siku hiyo hiyo.